Apone Kwanza

4 Machi

Kwa Daktari unayechunguza mifupa,

Salamu kwako na kwa wenzako wa mochwari. Mimi ni mama wa yule kijana fundi mwashi aliyepotea mwaka juzi. Barua ya ofisi yenu inasema mifupa iliyochimbuliwa kwenye msingi wa lile ghorofa lisilokwisha "haiwiani na maelezo yake". Nimefundisha darasa la kwanza tangu ujana mpaka kustaafu, na mtoto akiniletea jibu bila kuonyesha njia nilikuwa namrudisha kwenye dawati. Nawe nakurudisha. Haiwiani vipi? Nani kasema?

Barua yenu imeleta raha hapa nyumbani, sikatai. Mume wangu, naye ni fundi mwashi, alikuwa hali wala hanywi. Tangu Ijumaa anapiga mluzi na amepaka rangi geti. Anasema kijana yuko mahali anahangaikia maisha, iko siku atabisha hodi. Mimi mluzi hautoki. Kama si mwanangu, kwa nini mwenzake wa kazini, mchanganya zege wanayemwita Beleshi, ndiye aliyewaongoza polisi mpaka pale shimoni? Kwa nini alikutwa na pimamaji ya mwanangu, kifaa cha kupimia usawa wa ukuta ambacho hakumwazima mtu yeyote, hata baba yake, mpaka mtaa mzima ukamwita yeye mwenyewe Pimamaji? Na kama si yeye, huyo aliyelala pale ni mtoto wa nani?

Simu ninayo, ila Mzee husikiliza. Niandikie kwa anwani ya shule.

Mama Pimamaji


15 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Nimerudi kwenye dawati, naonyesha njia.

Kwanza, mimi si daktari wa kutibu mifupa. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kazi yangu huniletea magoti yao. Mimi huletewa wasiosema, nami kazi yangu ni kuwauliza majina.

Huyu nimemlaza kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Ni mwanamume, nyonga zinasema hivyo. Alikuwa kijana, maana ncha za mifupa yake zilikuwa zimefunga si zamani, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kukua. Alifanya kazi nzito, mkono wa kulia zaidi ya wa kushoto. Mpaka hapo hata mimi nilidhani ni mwanao. Kisha nikapima mfupa wa paja. Huyu alikuwa mrefu, anakaribia futi sita, na fomu yenu inasema futi tano na nusu. Naweza kukosea inchi moja au mbili, lakini tano siwezi. Vipimo vya vinasaba vingemaliza ubishi, lakini maabara iko mbali, foleni yake haina mwisho, na tunaruhusiwa kupeleka damu za wale tu ambao mifupa inawakaribia. Ninyi mliondolewa na futi.

Kuna alama moja kwenye mifupa hii ambayo sitakutajia. Si ujeuri. Nikiitaja, kila aliyepotelewa atakumbuka kwamba mtu wake alikuwa nayo, na hatakuwa anadanganya, ni hamu tu.

Sasa zamu yangu. Huo urefu aliutoa nani, na alipima nini?

Daktari wa Mifupa (si wa magoti)


2 Aprili

Marahaba, Daktari. Umeonyesha njia nusu, nakupa nusu alama.

Urefu aliutoa Mzee. Watoto wetu wote walipimwa kwenye fremu ya mlango wa sebule, kila mwaka mstari wa penseli, na ule wa mwisho wa Pimamaji ni wa mwaka alioanza kazi. Polisi walipouliza, Mzee alichukua futi, akapima toka sakafuni hadi kwenye mstari, akasoma. Mwisho wa chini niliushika mimi mwenyewe. Fundi wa umri ule hawezi kukosea kusoma futi. Ukiniuliza mimi, mwanangu alikuwa mrefu, lakini mimi kimo changu ni cha dawati, kwangu kila mtu ni mrefu.

Nikupe ya mahakamani. Beleshi aliletwa jana. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, hata gauni nilichagua la kazi hiyo. Akaingia, akatazama dari, akaanza kumweleza askari kwamba nguzo ya pembeni haijanyooka. Daktari wa akili alisema kijana hajui yuko wapi, hajui hakimu ni nani wala anafanya nini pale, na hawezi kumwelekeza wakili wake. Hakimu akaamua kwamba hawezi kujibu mashtaka. Apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, kesi isimame mpaka apone. Halafu akauliza, na hiyo kesi yenyewe ni ya kumuua nani? Marehemu hana jina. Mwendesha mashtaka akaangalia viatu vyake.

Walipokuwa wanamtoa, Beleshi aliniona. Huyu mtoto amekula kwangu kabla ya haya yote, sahani moja na mwanangu, na hana mama. Akapiga kelele: "Mama! Waambie wasimlaze bega la kushoto! Linamuuma hilo! Waambie wamgeuze!" Watu wakacheka. Karani hakuandika kitu. Nakusimulia ili ujue nilivyobanwa: wewe una siri, yeye hana akili, na Mzee ana furaha. Nimuulize nani?

Nakatisha hapa. Mzee kajigonga tena kichwa kwenye linta, ile boriti ya juu ya mlango wa sebule, na anatukana. Kila wiki lazima. Ungedhani hakuujenga yeye.

Mama Pimamaji


9 Aprili

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako niliianza nimesimama, nikakaa, kisha nikaenda kuisoma upya pale kwenye meza ya dirishani.

Nina maswali mawili, na nakuomba kwa sasa usiniulize sababu. La kwanza: kwa nini fundi anajigonga kwenye mlango alioujenga mwenyewe? Alikuwa anajigonga tangu zamani, au ameanza?

La pili: mwanao aliwahi kuumia kazini? Najua utaniambia hapana. Usijibu wewe, waulize waliofanya naye kazi. Na ukiwauliza usitaje kiungo chochote cha mwili. Waache waseme wenyewe.

Mkubwa wangu ananicheka, anasema nimemaliza mifupa sasa nachunguza milango. Mwache acheke.

Daktari


21 Aprili

Daktari,

Swali la mlango nililidharau. Nikaenda kusimama pale na kikombe cha chai ili nikuandikie kwamba sijaona kitu. Nikatazama juu, nikatazama chini, chai ikapoa mkononi.

Sakafu. Mwaka ule wa mafuriko maji yalifika mpaka kwenye magodoro. Yalipokauka, Mzee na Pimamaji waliinua sakafu ya nyumba nzima. Wakapanga tofali, wakamwaga zege juu yake, wakasakafia. Milango hawakuigusa, walisema wataipandisha baadaye, na unajua baadaye ya mafundi kwenye nyumba zao wenyewe. Mistari ya penseli ilikuwepo tangu kabla. Kwa hiyo tulimpima mtoto kutoka kwenye sakafu ambayo haikuwepo siku aliposimama kupimwa. Tumemkata miguu, Daktari, unene wa tofali na zege lake, mama yake kashika futi chini na baba yake anasoma juu.

Mzee aliimwaga sakafu ile kwa mikono yake. Sijamuuliza kama alisahau, na sitamuuliza.

La pili. Nilimfuata nyapara wao kule anakojenga sasa. Ni mtu mzito wa kusema, kumtoa neno ni kama kung'oa msumari. Nikamwambia tu, kijana wangu aliwahi kuumia? Akavua kofia.

"Mama, kwani hukuambiwa? Si alianguka kutoka jukwaani?"

"Akaumia nini?"

"Huu hapa." Akashika mfupa wake wa chini ya shingo, upande wa kushoto. "Ulivunjika kabisa. Akatuapisha usijue. Alisema ungemwachisha kazi."

Alilala chumbani kwa Beleshi mpaka mfupa ukaunga. Beleshi ndiye aliyemfunga mkono kwa kitambaa cha shingoni, akamlisha, akamgeuza usiku asilalie bega. Mimi niliambiwa mwanangu yuko kwenye ujenzi nje ya mji. Nilimpa huyo huyo Beleshi salamu za kumpelekea, na soksi. Akarudi akaniambia, "Zimefika mama, anasema anakula vizuri."

Nimekasirika mpaka mwandiko umeharibika, unauona, na sina wa kumfokea. Siri yako nimeshaijua. Mtu aliyefundisha watoto kujumlisha hashindwi hapo. Nije lini kutoa damu? Mzee nitamleta. Sijui nitamwambia nini, lakini nitamleta.

Mama Pimamaji


11 Julai

Mwalimu,

Ofisi itakutumia barua yenye muhuri. Sikutaka uipate huko kwanza.

Ni yeye. Damu yako na ya Mzee zimekubaliana na mifupa, hakuna shaka lolote. Pole sana, mama. Maneno haya nimewaandikia watu wengi na nilidhani nimeyazoea. Leo nimeyaanza na kuyafuta mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama naumwa.

Siku ile mlipokuja, Mzee alifika kwenye mlango wetu, ambao ni mrefu kuliko mtu yeyote, akainama kupita. Hapo nikafahamu kwamba anajua habari ya sakafu. Alikunja mkono wa shati, akamtolea muuguzi mshipa.

Umeniomba njia, nakupa yote. Mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa chini ya shingo, ulivunjika ukaunga. Umenyooka kuliko mingi niliyoiona ya watu waliolazwa hospitali. Aliyemuuguza alijua anachofanya, au alimpenda sana. Nyuma ya fuvu kuna ufa. Huo haukuunga, alikufa nao. Mtu akipigwa na kitu kizito hupata ufa kama huo. Akianguka kutoka juu akafikia kichwa, hupata huo huo. Nimeugeuza kwenye mwanga wa taa, nikaugeuza kwenye jua la dirishani, nikitaka uchague mmoja, na haukuchagua. Kwenye ripoti nimeandika "pigo au anguko". Aliyekuwepo ni mtu mmoja tu, nawe unamjua.

Nasikitika sina zaidi.

Daktari


25 Agosti

Mwanangu Daktari,

Tumemzika. Kaburi amelijengea Mzee peke yake, hakutaka msaidizi, akalipiga lipu mara mbili kwa sababu ya kwanza haikumridhisha. Mluzi umekwisha. Lakini analala sasa. Ile miaka yote geti likilia usiku alikuwa anaamka kuangalia kama ni yeye.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mwendesha mashtaka. Ni kijana mpole, tai yake imemzidi urefu. Nikamwambia, haya, marehemu ana jina, nianze kuja mahakamani lini?

"Mama," akasema, "sasa marehemu yupo. Mshtakiwa ndiye hayupo."

"Si yuko hospitali? Nimemwona kwa macho yangu akipandishwa gari."

"Mwili uko huko. Lakini sheria inataka mtu anayeelewa anashtakiwa nini, ajitetee. Apone kwanza."

"Asipopona?"

Akarekebisha tai. "Basi hakuna kesi, mama."

Nilitoka pale naongea peke yangu, wapita njia wakanipisha. Unaelewa maana yake? Nataka kujua mwanangu alianguka au alisukumwa. Jibu limo ndani ya kichwa kimoja, na kichwa hicho kinaumwa. Kwa hiyo kila jioni namwombea. Wenzangu wanaomba adui zao waangamie. Mimi wangu naomba anawiri, ale, alale, anywe dawa bila kuzitema. Mwanzoni nilikuwa nasema, "Ee Mungu, apone, ashtakiwe." Siku hizi naishia kwenye apone. Kisha nakumbuka nikiwa kitandani, inabidi niamke kumalizia.

Nimeanza pia kumpelekea vitu. Naviacha getini, siingii. Walinzi wakanichukulia kuwa mama yake. Nikawaambia hapana, mimi ni mlalamikaji. Wakaandika hivyo hivyo kwenye daftari la wageni: "Mlalamikaji. Sabuni, sweta." Usicheke. Au cheka, mimi mwenyewe nilicheka nilipofika stendi, kisha nikaona aibu.

Mama Pimamaji


3 Novemba

Mwalimu, shikamoo.

Nimecheka, samahani. Nimeisoma kwa sauti, mkubwa wangu naye akacheka.

Meza ya dirishani ina mtu mwingine sasa, mwanamke, hajanipa jina bado. Kazi yangu huisha jina likipatikana. Nafunga jalada, wenyewe wanakuja na sanduku, wanakwenda. Kinachofuata huwa sikijui, na kusema kweli sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni adabu. Nadhani nilikuwa naogopa.

Leo nauliza. Yule kijana anaendeleaje? Nimelala nikimfikiria, jinsi alivyoufunga ule mfupa ukanyooka vile, kisha mwenye mfupa tukamkuta kule shimoni kwenye zege. Viwili hivi nashindwa kuvikalisha kwenye benchi moja. Na ukipata nafasi ya kumuuliza jambo moja tu, utamuuliza lipi?

Daktari wako


17 Januari

Mwanangu,

Anapona.

Wiki iliyopita daktari wake aliniita. Beleshi sasa anajua siku, anajua yuko hospitali, anajua hakimu ni nani na wakili ni wa nini. Anasaidia kufagia wodi. Karibu atafaa kurudishwa mahakamani. Ila kuna kipande kimekatika: tangu siku za mwisho kule kwenye ghorofa mpaka dawa zilipoanza kumkubali, hakumbuki hata chembe. Anafahamu kwamba alikamatwa. Lipi alilokamatiwa, hajauliza, na daktari wake alikuwa anatafuta namna ya kumwambia. Katikati ya hayo alikuwa akimuulizia mama. Wakahangaika kumtafuta mama yake mzazi mpaka muuguzi mmoja akakumbuka daftari la getini.

Mwendesha mashtaka aliruhusu nimwone kwa masharti: muuguzi awepo, kesi isitajwe. Nikakubali. Nilikuwa naongopa. Uliniuliza ningemuuliza nini, na wewe ulijua: alianguka, au ulimsukuma? Nimelala na swali hilo, nimepika nalo. Nilikuwa nimeamua kwamba nikikaa tu nalitoa, wanifukuze baadaye.

Akaja amevaa sweta langu. Amenenepa kidogo. Akaniamkia vizuri, akakaa, akaanza kuvuta uzi kwenye mkono wa sweta.

"Mama, Pimamaji amenikasirikia?"

"Kwa nini akukasirikie?"

"Haji. Wenzangu wote wanatembelewa. Kama nimemkosea mwambie nitamwomba radhi, hata mbele ya watu. Aje tu."

Muuguzi akanitazama. Mimi nikautazama uso wa yule mtoto. Nimetafuta uongo kwenye nyuso za watoto maisha yangu yote, naujua unakojificha, na pale haukuwepo. Swali langu lilikuwa limefika mdomoni kabisa. Ningelitoa, angejua pale pale, kwenye kiti kile cha plastiki, na pengine akili ingemkimbia tena na jibu langu likaenda nayo. Nilikuwa naogopa hilo. Lakini nikikwambia ndilo lililonizuia nitakuwa nakudanganya. Nilimwonea huruma.

Nikasema, "Hajakukasirikia, mwanangu. Kazi zimembana."

Akacheka. "Huyo na kazi!"

Nami nikacheka. Ndiyo, Daktari, nilicheka naye. Mwanangu alikuwa juu ya jukwaa mahali fulani, amechelewa tu, na sisi tunamsema.

Nililia njia nzima. Mzee alikuwa ananisubiri getini. "Amesema?"

"Hajui kama amekufa."

Alikaa kwenye ngazi, akasugua magoti. Nilidhani atatukana. Akasema, "Basi ni nani atakayemwambia?"

Ataambiwa Alhamisi, na daktari wake, wakili wake akiwepo, na mtu wa mashtaka. Akilipokea akabaki na akili zake, kesi itaendelea, na kumbukumbu ikimrudia huenda nikalipata jibu langu, hata likiwa lile nisilolitaka. Bado nalitaka, usidhani nimesamehe, sijui hata kama kuna cha kusamehe. Wametuuliza kama tungependa kuwepo. Nimesema tutakuja wote wawili. Muuguzi akaniuliza, mama, nikupangie kiti upande wa mashtaka? Nimemwambia aniwekee karibu na mtoto, maana akishaambiwa atahitaji mtu wa kumshika.

Mama Pimamaji